Macho ya Paul Krichell: somo kwa kijana anayesema "mimi sionekani"



Kuna lalamiko ambalo wengi wetu tunalo, hata kama hatulisemi kwa sauti: sionekani. Naimba vizuri kwaya lakini solo anapewa yule yule kila Jumapili. Nimesoma, nina cheti, nimetuma maombi ya kazi mpaka bando limekata, hakuna aliyejibu hata "tumepokea". Nyumbani ndugu zangu wanasifiwa, mimi naitwa pale tu maji yanapotakiwa kuchotwa.

Leo nataka tujifunze kupitia mtu ambaye kazi yake yote, kwa karibu miaka 37, ilikuwa kuona watu. Alilipwa mshahara kwa ajili hiyo tu. Anaitwa Paul Krichell. Najua wengi hamjawahi kulisikia jina hilo, na mchezo wake, besiboli ya Wamarekani, sisi tunauonea kwenye filamu. Vumilia kidogo. Cha kujua ni kwamba mrushaji anatupa mpira, mpigaji anao gongo, akiupata anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, hiyo wanaita homarani, na watu wanasimama vitini. Hayo yanatosha kwa leo.

Krichell alikuwa msaka vipaji. Marekani wanamwita skauti, lakini ondoa kichwani mambo ya skafu na kambi. Huyu ni mzee mwenye kofia, anapanda treni peke yake kwenda kutazama vijana wakicheza, kisha anarudi kumwambia bosi wake: huyu mchukue, yule mwache.

Enzi zile hakukuwa na video ya kumtumia mtu. Klabu kubwa zilitegemea maneno ya watu: kocha wa zamani aliyeandika barua, mmiliki wa timu ndogo mwenye mchezaji wa kuuza, rafiki wa rafiki. Hata Kanisa limo humo. Huko Baltimore, mabruda wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri walikuwa wanaendesha shule ya wavulana watukutu na yatima iitwayo St. Mary's. Mwaka 1902 aliletwa mtoto wa miaka saba, mtukutu kwelikweli, jina lake George Ruth. Bruda mmoja wa shule hiyo, Matthias, alikuwa na mwili mkubwa na moyo mpana, akamfundisha kupiga mpira. Bruda mwingine wa shirika hilohilo, Gilbert, ndiye aliyempa taarifa Jack Dunn, mmiliki wa timu ya mjini. Februari 1914 Dunn alikwenda shuleni, akamsainisha, na kwa sababu kijana alikuwa bado chini ya uangalizi wa shule, ikabidi Dunn awe mlezi wake kisheria. Kijana huyo ndiye Babe Ruth, mchezaji aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wote. Bruda hakupata kamisheni. Aliona tu, akasema.

Lakini mambo ya kutegemea bahati ya bruda mmoja hayawezi kulisha klabu kila mwaka. Ndipo klabu zikaanza kuajiri watu wa kuzunguka. Krichell ni miongoni mwa kizazi hicho.

Mwenyewe hakuwa mchezaji wa kutisha. Alicheza misimu miwili tu katika ligi kuu, 1911 na 1912, akiwa mdakaji wa timu ya St. Louis Browns, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Baada ya hapo alirudi ligi za chini, akawa kocha. Mwaka 1920 Ed Barrow alipochukua ofisi ya New York Yankees, alimfanya Krichell msaka vipaji wa klabu. Fikiria vizuri: mtu aliyeshindwa kubaki ligi kuu ndiye akapewa kazi ya kuchagua wa kuingia ligi kuu. Mimi naona ina mantiki. Anayechuchumaa pale nyuma ndiye pekee anayeutazama uwanja wote ukiwa mbele yake. Wengine wote wanamtazama yeye.

Kijana wa chuo

Aprili 1923 Krichell alipanda treni kwenda New Brunswick, New Jersey, kutazama mechi ya wanafunzi: chuo cha Columbia dhidi ya Rutgers. Hakuwa amemfuata mtu maalumu. Pale uwanjani akamwona kijana mnene wa mapaja, mpole, anaitwa Lou Gehrig. Siku hiyo alipiga homarani mbili. Krichell alirudi New York akamwambia Barrow kwamba amempata Ruth mwingine. Barrow hakuamini, na nani angeamini? Siku chache baadaye Krichell akaenda tena kumtazama, safari hii katika uwanja wa Columbia, na kijana akaupiga mpira mmoja ukatoka kabisa nje ya uwanja wa chuo. Hapo shaka ikaisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi wanaliruka. Gehrig alikuwa ameshaonekana kabla. Mwaka 1921 alipelekwa kwenye majaribio mbele ya John McGraw, kocha mkubwa kuliko wote mjini New York wakati ule. Alipiga mipira kadhaa vizuri, kisha mpira mmoja wa chini ukampita miguuni. McGraw akasema basi. Kosa moja, kijana akarudi nyumbani. Tofauti ya McGraw na Krichell haikuwa ukali wa macho. McGraw alitazama mara moja, Krichell alirudi mara ya pili.

Na nyumbani kwa Gehrig hali ilikuwaje? Wazazi ni wahamiaji kutoka Ujerumani. Katika watoto wanne, ni Lou peke yake aliyebaki hai. Baba mara nyingi alikuwa mgonjwa na bila kazi. Mama, Christina, alikuwa mpishi na mfanya usafi katika nyumba ya chama cha wanafunzi palepale Columbia, na ndoto yake ilikuwa moja: mwanangu awe injinia. Kwa mama huyo, mpira ulikuwa upuuzi. Krichell akaja na dola 1,500 za kusaini, mbali na mshahara. Fedha ilihitajika nyumbani. Lou akaacha chuo.

Hapa sitaki tukimbie. Wengi tunapenda kusimulia hadithi hii kama hadithi ya ushindi: kijana maskini, mlango ukafunguka, haleluya. Lakini yupo mama ambaye alisugua sakafu za watu ili mtoto asome, na siku ile shule ikaisha. Msaka vipaji akikuona, kuna kitu anakupa na kuna kitu anaondoa nyumbani kwenu. Kama unakutana na vijana wenzako jumuiyani wiki hii, naomba mlijadili hili kwa uaminifu: ukiitwa kwenye jambo zuri, nani anayelipa gharama ambayo hukumwona akiilipa?

Gehrig alicheza michezo 2,130 mfululizo, tangu Juni 1925 hadi mwisho wa Aprili 1939, bila kukosa hata mmoja. Akauacha kwa sababu ya ugonjwa wa neva unaolemaza misuli, ambao Marekani hadi leo wanauita kwa jina lake. Alifariki Juni 1941, miaka 37 tu. Wazazi wake walimzika.

Aliyeogopwa

Mwaka 1925, mbali kabisa na New York, katika timu ya Salt Lake City, kijana mwenye asili ya Italia aitwaye Tony Lazzeri alipiga homarani 60 katika msimu mmoja. Kijana alikuwa fundi wa mabwela ya mvuke pamoja na baba yake San Francisco kabla ya mpira kumchukua. Kwa namba zile, klabu zingepigana kumnunua. Hazikupigana, kwa sababu ilijulikana kwamba Lazzeri ana kifafa.

Nadhani sina haja ya kueleza. Hata kwetu neno hilo likitajwa watu wanahamisha kiti. Chicago Cubs walijiondoa. Yankees wakawatuma watu wao kuchunguza, Krichell akiwa mmoja wao, wakarudi na ripoti kwamba kijana ni mchezaji kweli na ugonjwa wake haumpati saa za mechi. Barrow akanunua kwa kiasi cha dola 50,000 pamoja na wachezaji kadhaa.

Tusiwafanye watakatifu. Barrow alipiga hesabu ya mfanyabiashara: kifafa kikija asubuhi, mechi ni alasiri, basi hakuna hasara. Huruma haikuwemo sana kwenye hesabu hiyo. Ila mimi bado naithamini ripoti ile, kwa sababu mtu alikwenda, akauliza, akaangalia, badala ya kurudia aliyoyasikia. Wengine waliishia kwenye neno "kifafa". Wao waliuliza: kinampata lini? Kinampata vipi? Anaishije nacho? Maswali hayo matatu yangewasaidia wengi katika parokia zetu.

Lazzeri alijiunga na Yankees mwaka 1926. Oktoba ya mwaka huohuo, katika mchezo wa mwisho wa fainali, vituo vyote vikiwa vimejaa wenzake, alitolewa na mrushaji mkongwe wa St. Louis, Grover Alexander, miaka 39. Watu walilizungumzia tukio hilo kwa miaka mingi kama aibu ya Lazzeri. Wachache walisema kwamba Alexander naye alikuwa na kifafa. Wagonjwa wawili walikuwa wanatazamana katikati ya uwanja, na maelfu walioshangilia hawakujua. Lazzeri hakukata tamaa. Alibaki na Yankees hadi 1937.

Uongo ndani ya uwanja

Sasa tufike mahali ambapo mzee wetu anateleza, maana somo bila hapa lingekuwa tangazo la biashara.

Mwaka 1929 kulikuwa na kijana wa Bronx, Hank Greenberg, Myahudi, wazazi wake wametoka Romania. Mrefu, mzito, anacheza kituo cha kwanza. Krichell alimtaka. Akamchukua hadi Yankee Stadium, akamkalisha viti vya mbele kabisa. Gehrig akatoka kwenda kupiga, na Gehrig ndiye aliyekuwa anashikilia kituo cha kwanza. Krichell akainama akamnong'oneza kijana kwamba yule amekwisha, miaka michache tu na nafasi yake itakuwa yako.

Gehrig alikuwa na miaka 26.

Greenberg aliyatazama mabega ya Gehrig, akajua anaambiwa uongo. Yankees walimpa ofa ya dola 10,000. Detroit walimpa 9,000, na wakakubali aanze masomo ya chuo kwanza. Akachukua hiyo ndogo. Akaenda Detroit, na mwaka 1938 alipiga homarani 58. Gehrig naye, yule "aliyekwisha", mwaka 1934 aliongoza ligi yake kwa vipimo vyote vitatu vikubwa vya mpigaji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Krichell mwenyewe ndiye aliyempata Gehrig. Alimjua. Alimpigania mbele ya bosi asiyeamini. Miaka sita baadaye akamuuza kwa mnong'ono ili apate mwingine. Amri ya nane haina likizo kwa wasaka vipaji, wala kwa wale wanaotuambia "njoo kwetu, yule pale hana maisha marefu". Vijana wengi leo wanafuatwa na watu wa namna hii: wa kazi za nje, wa mashindano ya urembo, wa muziki, hata wa vyama. Fanya alichofanya Greenberg. Mtu akikwambia fulani amekwisha, usimtazame anayesema, geuka umtazame huyo fulani.

Wafupi

Nitalipitia hili haraka kwa sababu ni tamu na halina ubishi. Phil Rizzuto wa Brooklyn alikuwa na kimo cha kama sentimita 168. Alikwenda kwenye majaribio ya Brooklyn Dodgers, na kwa simulizi yake mwenyewe, kocha Casey Stengel alimwambia akatafute sanduku la kung'arishia viatu. Krichell alimwona kwenye majaribio ya Yankees, akamchukua, mshahara wa kuanzia dola 75 kwa mwezi. Mwaka 1950 Rizzuto alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Kocha wake wakati huo? Stengel huyohuyo, ambaye sasa alikuwa amehamia Yankees. Mungu ana ucheshi wake.

Na mwaka 1946 akaja kijana mwembamba, Edward Ford, kwenye majaribio akiwa mchezaji wa kituo cha kwanza. Krichell alimwambia kwamba kwa nafasi hiyo mwili wake ni mdogo, lakini mkono wake una kitu, kwa nini asijaribu kurusha? Akamwonyesha jinsi ya kuushika mpira ili upinde hewani. Miezi michache baadaye Yankees walimsaini kwa dola 7,000. Ndiye Whitey Ford, aliyeshinda michezo 236 kama mrushaji.

Mnakumbuka Samweli nyumbani kwa Yese? Hata nabii alianza kwa kuangalia kimo cha kaka mkubwa. Someni tena sura ya 16 ya kitabu cha kwanza cha Samweli jioni hii. Msikimbilie Daudi. Kaeni kwanza na Samweli, mtu mzuri, mtu wa sala, na bado alikuwa tayari kumpaka mafuta mtu asiyekuwa. Na kwa Ford tazameni hili: mzee alisema "hapana" kwa nafasi ile, kisha hakumwacha aondoke mikono mitupu. Kuna hapana za namna hiyo. Tukipewa majukumu ya kuchagua wengine, kwaya, uongozi wa vijana, chochote, tuzijifunze.

Ambao hakutumwa kuwaona

Hadi hapa ungesema macho ya Krichell yalikuwa yanaona kila kitu. Si kweli.

Katika sehemu kubwa ya kazi yake, besiboli ya ligi kuu ilikuwa ya Wazungu tu. Haikuandikwa kama sheria ukutani, bali wamiliki walielewana, na Mweusi hakusainishwa. Weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, zenye wachezaji wakubwa kabisa. Na hawakuwa wamejificha mbali. Kuanzia 1930 timu zao zilikuwa zinakodi Yankee Stadium yenyewe, uwanja ule ule, nyasi zile zile, siku ambazo Yankees wamesafiri. Harlem iko ng'ambo ya mto tu. Krichell alipanda treni kwenda majimbo ya mbali kutafuta kijana mmoja, na nyumbani kwa mwajiri wake walikuwa wanacheza watu ambao hakuna aliyewapelekea mkataba. Mchezaji wa kwanza Mweusi wa Yankees, Elston Howard, aliingia Aprili 1955. Krichell aliianza kazi ile 1920 na akafariki Juni 1957, akiwa bado mtu wa klabu. Pigeni hesabu wenyewe.

Kutokuonekana kwa Gehrig mbele ya McGraw kulitokana na haraka. Kwa Lazzeri kulitokana na hofu. Huku kwingine kulikuwa ni makubaliano. Watu waliketi wakaamua wapi macho yasielekee, na mtu mwenye macho makali kuliko wote mjini akayafuata makubaliano hayo maisha yake yote ya kazi. Kijana unayesema "sionekani", inawezekana kabisa kwamba huna kasoro yoyote. Inawezekana kuna meza mahali iliyoamua.

Upande wa pili wa jiji, Agosti 1945, msaka vipaji mwingine alipokea maagizo. Ni Clyde Sukeforth wa Brooklyn Dodgers, naye zamani alikuwa mdakaji. Bosi wake, Branch Rickey, alimtuma Chicago kumtazama mchezaji Mweusi wa timu ya Kansas City Monarchs, Jackie Robinson, na hasa apime nguvu ya mkono wake wa kurushia. Sukeforth alifika, akakuta Robinson ameumia bega, hachezi. Hakukuwa na kitu cha kupima. Mtu mwingine angeandika "sikumwona" na kurudi na treni ya jioni.

Sukeforth aliongea naye. Robinson alimuuliza, tena na tena, kwa nini Rickey anautaka mkono wake. Namna alivyouliza ilimtosha Sukeforth. Akasafiri naye mpaka Brooklyn, na tarehe 28 Agosti alikaa chumbani kimya wakati Rickey na Robinson wanazungumza kwa karibu saa tatu. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani na Dodgers, Mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka sitini. Kocha mkuu alikuwa amefungiwa, kwa hiyo klabu ilihitaji mtu wa kuiongoza timu kwa muda. Siku hiyo kwenye benchi, aliyeandika jina la Robinson katika orodha ya wachezaji alikuwa Sukeforth.